Kupima Mapokezi ya Filamu ya Mapenzi Iliyotokana na Riwaya: Mwongozo Kamili kwa Msomaji na Mhakiki

Riwaya ya mapenzi inayopendwa inapogeuzwa kuwa filamu, mabishano huanza hata kabla filamu haijaoneshwa, na mara nyingi wanaobishana huwa hawazungumzii jambo moja. Mmoja anataka kujua kama riwaya imeheshimiwa, mwingine kama filamu imetengenezwa kwa ufundi, wa tatu kama mapenzi ya wale wawili yanaaminika, na wote watatu hutoa jibu kwa neno lilelile: "nzuri" au "mbovu". Mwongozo huu unaeleza namna ya kuyatenganisha maswali hayo unapousoma uhakiki wa wengine na unapoandika wako. Nimeuandika nikiwafikiria wanafunzi wa kidato cha tano na sita, wanachuo wa fasihi katika Chuo Kikuu cha Dodoma na Chuo Kikuu cha St. John's, na vikundi vya usomaji vya hapa mjini Dodoma ambavyo siku hizi hupenda kusoma kitabu na kisha kutazama filamu yake.

Mfano nitakaourudia mara kwa mara ni Vuta N'Kuvute. Riwaya ya Adam Shafi, iliyotolewa mwaka 1999, ni mojawapo ya riwaya zinazosomwa na wanafunzi wa Kiswahili wa kidato cha tano na sita. Filamu iliyoongozwa na Amil Shivji ilioneshwa kwa mara ya kwanza katika Tamasha la Kimataifa la Filamu la Toronto mwaka 2021, na baadaye ikawasilishwa kuiwakilisha Tanzania katika tuzo za Oscar, kipengele cha filamu ya kimataifa. Ni bahati kwetu kwamba mfano bora uko katika lugha yetu, kwa kuwa miongozo mingi ya namna hii humlazimisha msomaji kujifunzia kwenye mapenzi ya watu wa mbali asiowajua.

Hatua ya kwanza: soma riwaya yenyewe, kalamu ikiwa mkononi

Anayetaka kutazama tu hana wajibu wa kuisoma riwaya kwanza, na filamu inayohitaji kitabu ili ieleweke ina kasoro tayari. Lakini anayetaka kupima mapokezi hawezi kuikwepa. Asome riwaya yenyewe, si notsi za uchambuzi zinazouzwa steshenari, kwa sababu notsi hizo humpa msomaji dhamira, ujumbe na migogoro iliyokwisha kuchambuliwa, na kumnyima kile ambacho filamu italazimika kukishughulikia kwa taabu zaidi, yaani sauti ya msimulizi.

Unaposoma, weka alama mahali pa aina tatu. Kwanza ni pale wapenzi wanapokutana, na sababu zinazofanya wavutane. Pili ni pale msimulizi anapoingia moyoni mwa mhusika na kutueleza jambo ambalo mtu aliyesimama pembeni asingeliona. Tatu ni pale historia inapoyagusa mapenzi. Katika Vuta N'Kuvute, Yasmin anaozwa kwa Bwana Raza, mwanamume aliyemzidi umri kwa miaka mingi, anamkimbia, anapata hifadhi kwa Mwajuma huko Ng'ambo, upande wa mji wa Zanzibar ulio nje ya Mji Mkongwe, na hatimaye anakutana na Denge, kijana aliyejiingiza katika harakati za kupinga ukoloni Zanzibar. Ukiorodhesha matukio hayo matupu utapata kisa cha kukimbia ndoa. Ukiziangalia alama zako utaona kwamba mapenzi ya Yasmin na Denge hayatenganishiki na siasa, na hapo ndipo utakapoipima filamu.

Hatua ya pili: hakikisha umeitazama filamu iliyohakikiwa

Ushauri huu waweza kuonekana wa kitoto, lakini sehemu kubwa ya ugomvi kati ya watazamaji na wahakiki hutokana na watu kutazama vitu viwili tofauti. Katika vibanda umiza, yaani vibanda vidogo vya kuoneshea filamu, vya Majengo au Chang'ombe filamu ya kigeni mara nyingi huja na sauti ya DJ anayetafsiri, kufafanua na kutania juu ya mazungumzo ya wahusika. Hiyo ni sanaa yenye heshima yake, na mimi ni mmoja wa wanaoipenda, ila aliyetazama toleo hilo amesikia msimulizi ambaye mwongozaji hakumweka. Ukimya wa wapenzi wawili waliokaa bila kusema neno, ambao mhakiki ameusifu katika aya nzima, kwake umejazwa vichekesho.

Matoleo nayo hutofautiana hata bila DJ. Filamu ya Pride & Prejudice ya mwaka 2005, iliyoongozwa na Joe Wright kutokana na riwaya ya Jane Austen ya mwaka 1813, ilioneshwa Marekani ikiwa na tukio la mwisho la wapenzi wakibusiana usiku nje ya nyumba yao, tukio ambalo halikuwamo katika toleo la kumbi za Uingereza. Mtu akiusifu au kuulaumu mwisho wa filamu hiyo, swali la kwanza ni kwamba aliutazama mwisho upi. Hapa nchini tunayo pia Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza Na. 4 ya mwaka 1976, ambayo inataka filamu zikaguliwe kabla ya kuoneshwa hadharani, na kwa hiyo toleo la ukumbini laweza kuwa fupi kuliko lile lililo kwenye mtandao.

Itazame mara mbili ukiweza. Mara ya kwanza iache ikuchukue bila kuandika chochote, na mara ya pili itazame ukiwa na daftari. Epuka kuitazama kwenye simu ndani ya basi la Dar es Salaam, kwa kuwa sauti hupotea, na katika filamu za mapenzi sauti hubeba nusu ya kazi.

Hatua ya tatu: elewa kila namba inapima nini

Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo wasomaji wengi wanapopotea. Tovuti ya Rotten Tomatoes, iliyoanzishwa mwaka 1998, haitoi wastani wa alama katika ile asilimia yake kubwa inayonukuliwa kila mahali. Hukusanya maandishi ya wahakiki, ikaamua kila andiko limeipendekeza filamu au halikuipendekeza, kisha ikatangaza asilimia ya walioipendekeza; ikifika 60 filamu huhesabiwa kuwa imepita. Asilimia hiyo ni sawa na taarifa ya shule inayotaja wanafunzi wangapi wamefaulu bila kusema wamefaulu kwa daraja gani.

Fanya hesabu mwenyewe uone. Chukua wahakiki kumi, wote wakaipa filamu alama 6 kati ya 10 na wote wakahesabiwa kuwa wameipendekeza: filamu itapata asilimia 100, ingawa hakuna hata mmoja aliyesisimka. Chukua filamu nyingine ambayo sita wameipa 10 na wanne wameipa 4: itapata asilimia 60 tu, ingawa wastani wake ni 7.6. Filamu ya mapenzi iliyotoka kwenye riwaya mara nyingi huwa ya aina hii ya pili, kwa kuwa ina watu wanaoipenda mno na watu wasiovumilia machozi yake. Kwa hiyo usiinukuu asilimia bila kutazama wastani unaoandikwa kando yake.

Metacritic, ya mwaka 2001, hufanya jambo jingine. Hubadili maoni ya kila mhakiki kuwa alama kati ya 0 na 100, huwapa baadhi ya wahakiki uzito kuliko wengine, kisha hutoa wastani. CinemaScore nayo haiwahusu wahakiki kabisa, bali huwauliza watazamaji wa Marekani wanapotoka ukumbini siku filamu inapofunguliwa, na hutoa daraja kuanzia A+ hadi F. Kumbuka ni nani anayekwenda kutazama filamu siku ya kwanza: ni msomaji aliyeisubiri kwa hamu, aliyelipa kiingilio akiwa amekwisha kuipenda. Daraja la juu kwa filamu iliyotoka kwenye riwaya mashuhuri halipaswi kumshangaza mtu.

Tazama namna vipimo hivi vinavyoweza kupishana. The Notebook ya mwaka 2004, kutokana na riwaya ya Nicholas Sparks ya mwaka 1996, iliwagawa wahakiki takriban nusu kwa nusu. Roger Ebert wa Chicago aliipa nyota tatu na nusu kati ya nne, huku wengine wakiiona imejaa hisia za kulazimisha. Ilitengenezwa kwa dola milioni 29 hivi, ikaingiza zaidi ya milioni 110, na hadi leo hutajwa kila panapoorodheshwa filamu za mapenzi. It Ends with Us ya mwaka 2024, kutokana na riwaya ya Colleen Hoover ya mwaka 2016, nayo iliwagawa wahakiki karibu kwa kiwango hichohicho, lakini watazamaji wa siku ya kwanza waliipa A-, na mapato yake yakafikia takriban dola milioni 350 kutokana na gharama ya milioni 25. Anayesema "wahakiki walikosea" kwa kuangalia fedha amechanganya swali la ubora na swali la soko. Na anayesema "watu hawajui filamu" kwa kuangalia asilimia hajui asilimia ni nini.

Hatua ya nne: panga hoja, usihesabu sifa na lawama

Kusanya maandishi kati ya matano na manane. Chagua la mtu anayeijua riwaya, la asiyeijua, la mtu wa eneo ambamo kisa kimewekwa, na la wa mbali. Soma kila moja, kisha andika kwa sentensi moja hoja yake kuu, si hukumu yake. Baada ya hapo zipange hoja hizo katika mafungu manne: uaminifu kwa riwaya, ufundi wa filamu, ukweli wa mapenzi, na msimamo wa kimaadili au kisiasa.

Fungu la uaminifu ndilo hujaa haraka na ndilo lenye faida ndogo. "Wamemwondoa fulani" ni taarifa tu, na huwa hoja pale mhakiki anapoonesha kwamba kumwondoa fulani kumeacha pengo ndani ya filamu yenyewe.

Fungu la ukweli wa mapenzi ni gumu zaidi, na wahakiki wengi hulipita kwa kusema wapenzi "wanaendana" au "hawaendani". Usikubali jibu hilo. Mtake mhakiki akuoneshe: je, kamera inampa kila mmoja nafasi ya kumtazama mwenzake, au ni mmoja tu anayetazamwa? Je, kuna jambo ambalo mpenzi huyu anamfanyia yule na ambalo lina gharama? Je, wanazungumza juu ya kitu kingine chochote mbali na mapenzi yao? Denge na Yasmin wana mengi ya kuzungumza, kwa kuwa mmoja anatafuta uhuru wa nchi na mwingine uhuru wa nafsi yake, na mhakiki mzuri ataeleza kama filamu imeziacha harakati hizo mbili zikutane au imeigeuza moja kuwa pambo la nyingine.

Fungu la nne ndilo linaloamsha hasira. It Ends with Us ilisifiwa na baadhi ya watu kwa kulitaja wazi suala la ukatili ndani ya nyumba, na wakati huohuo ikalaumiwa kwa namna ilivyotangazwa, kwa maua na furaha, kana kwamba ni kisa chepesi cha mapenzi. Angalia kwamba lawama hiyo inahusu matangazo zaidi kuliko filamu. Iweke mahali pake. Half of a Yellow Sun ya mwaka 2013, iliyoongozwa na Biyi Bandele kutokana na riwaya ya Chimamanda Ngozi Adichie ya mwaka 2006, ilikutana na lawama ya upande mwingine: wahakiki kadhaa waliona kwamba vita vya Biafra, vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Nigeria, vimebanwa ndani ya mambo ya nyumbani. Nchini Nigeria kwenyewe, kuoneshwa kwake kulicheleweshwa mwaka 2014 na mamlaka ya ukaguzi wa filamu. Hayo mawili yote huitwa "mapokezi," lakini la kwanza ni hukumu ya sanaa na la pili ni uamuzi wa serikali, na uhakiki unaoyataja kwa pumzi moja unamchanganya msomaji.

Hatua ya tano: linganisha kazi, usilinganishe orodha

Shuleni tumefundishwa kuchambua kwa fani na maudhui: muundo, mtindo, matumizi ya lugha, wahusika na mandhari upande mmoja, dhamira, migogoro, ujumbe, falsafa na msimamo upande wa pili. Ni jedwali imara kwa riwaya, na sioni sababu ya kulitupa. Udhaifu wake ni kwamba halina safu ya mwanga, sauti, uhariri wala uigizaji, na kwa sababu hiyo wanafunzi wetu wengi wanaohakiki filamu huhakiki kisa chake tu, kana kwamba wamesimuliwa kwa simu. Ongeza safu hizo nne mwenyewe.

Kisha chukua zile alama ulizoziweka kwenye riwaya na uulize kila moja ilikuwa na kazi gani, na filamu imeifanya kazi hiyo kwa njia ipi. Riwaya hutumia ukurasa mzima kueleza hofu ya msichana anayesikia hatua za mume asiyempenda. Filamu haina ukurasa huo, ina mlango, kitasa na sauti ya viatu. Mfano mzuri nje ya Afrika ni Atonement ya mwaka 2007, kutokana na riwaya ya Ian McEwan ya mwaka 2001. Riwaya hiyo inahusu, pamoja na mapenzi, madhara ya kuandika uongo. Mtunzi wa muziki wa filamu, Dario Marianelli, aliingiza mlio wa taipureta ndani ya muziki wenyewe, hivi kwamba mtazamaji anasikia kisa kikiandikwa huku kikitendeka, na muziki huo ulipata tuzo ya Oscar. Hakuna ukurasa wa riwaya unaolingana na mlio huo, ilhali kazi imefanyika.

Kwa Vuta N'Kuvute, safu ya sauti inastahili kurasa kadhaa za daftari lako. Mwajuma ameigizwa na Siti Amina, ambaye ni mwimbaji wa taarab, na taarab ni lugha ya mafumbo ambamo mwanamke anaweza kusema hadharani asichoruhusiwa kukitamka nyumbani. Uliza nyimbo zinaingia wakati gani, nani anasikiliza, na zinasema nini ambacho msimulizi wa Shafi alikisema kwa nathari.

Urefu ushughulikie haraka: filamu ya takriban saa moja na nusu haiwezi kubeba riwaya nzima, na kulalamikia hilo ni kulalamikia kwamba filamu ni filamu.

Hatua ya sita: jua mhakiki ameketi wapi, nawe umeketi wapi

Mhakiki aliyeitazama Vuta N'Kuvute huko Toronto aliisoma kupitia maandishi ya tafsiri chini ya picha. Yaelekea ataisifu rangi na mwanga kuliko mazungumzo, na hilo si upofu bali ni nafasi aliyoketi. Mtazamaji wa Kiswahili anasikia lahaja, anasikia nani anamwita nani "bwana" na kwa sauti ipi, anasikia tabaka. Hiyo ni faida kubwa, na inasikitisha kwamba maandishi marefu ya uhakiki wa filamu kwa Kiswahili bado ni machache mno, kiasi kwamba faida hiyo huishia kwenye mazungumzo ya mdomo.

Lakini mkazi wa Dodoma asijidanganye kwamba kujua Kiswahili ni kuijua Unguja ya miaka ya 1950. Sisi wa huku bara, tuliokulia Kondoa, Mpwapwa au Bahi, tuna mambo mengi ya kuuliza kabla ya kuhukumu: uhusiano wa Wahindi, Waarabu na Waafrika mjini, tofauti ya Mji Mkongwe na Ng'ambo, vyama vya siasa vilivyoelekea kwenye uhuru wa Desemba 1963 na mapinduzi ya Januari 1964. Mhakiki anayesema "mambo hayo hayakuwa hivyo" na aseme amejuaje.

Hatua ya saba: andika

Maneno 700 hadi 900 yanatosha. Katika aya ya kwanza itaje filamu, mwongozaji, riwaya, mtunzi na miaka yake, kisha toa hukumu yako papo hapo, kwa sababu msomaji hasomi uhakiki ili atafute jibu lililofichwa. Kisa kisimulie kwa aya moja tu, na usivuke theluthi ya kwanza ya filamu. Ukilazimika kuutaja mwisho, onya mapema. Kisha chagua matukio mawili, si sita, na uyachambue kwa ukamilifu ukitumia safu zako. Mapokezi ya wahakiki wengine yaje baada ya hoja yako, na umtaje unayekubaliana naye na unayempinga kwa hoja yake, si kwa nyota zake.

Jihadhari na sentensi isiyoweza kupingwa. "Filamu hii inagusa moyo na inafundisha jamii" yaweza kuandikwa juu ya filamu yoyote bila kuitazama. Linganisha na hii, ya filamu ya kubuni: "Riwaya inatupa barua saba za mpenzi aliye mbali, filamu inatupa moja tu, nayo inasomwa na mama mkwe, na kwa uamuzi huo mwongozaji amehamisha wivu kutoka kwa mume hadi kwa familia nzima, jambo linaloleta uzito katikati ya filamu lakini linamwacha mume bila sababu ya kuondoka mwishoni." Sentensi hii inaweza kupingwa, kwa kuwa mtu anaweza kurudi kwenye filamu na kukagua, na ndiyo maana ina thamani. Nukuu za wahakiki wa kigeni zitafsiri mwenyewe kwa uangalifu na useme kwamba tafsiri ni yako. Ukichukua maneno ya tangazo la filamu yaliyokatwakatwa, tafuta andiko lake kamili kwanza, maana "ya kuvutia" laweza kuwa limekatwa kutoka "ya kuvutia kwa dakika kumi za mwanzo".

Chini ya andiko lako taja toleo ulilotazama, lugha yake, kama lilikuwa na tafsiri, na mwezi ulioitazama. Asilimia na alama ulizonukuu zipe tarehe pia, kwa kuwa hubadilika kadiri maandishi mapya yanavyoongezwa. Kikundi kikitaka kulijadili, lisambazeni kabla ya mkutano, na kila mmoja aje na tukio moja alilolitazama upya.